Umesomea Meno Afrika Mashariki, Unataka Leseni ya Marekani: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Simu huwa inafanana. Anayepiga ni daktari wa meno aliyefanya kazi miaka minne au sita katika hospitali ya wilaya, ameng'oa meno kwa maelfu, amefunga taya zilizovunjwa na bodaboda. Sasa yuko Minneapolis au Houston, usiku anawahudumia wazee, mchana analala. "Dokta, nianzie wapi?" Nikimdadisi nagundua kwamba ameshaanza, tena kwa gharama: amelipia kozi ya mtihani, amepeleka vyeti kwa watathmini wawili, na hakuna hata karatasi moja iliyofika mahali inapotakiwa.

Kabla ya lolote humuuliza: unataka kufanya kazi jimbo gani?

Kwetu swali hilo ni geni. Ukisajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika unaweza kufanya kazi Mtwara au Bukoba, na aliyesajiliwa na baraza la Kenya anaruhusiwa Lamu kama anavyoruhusiwa Kitale. Marekani haina leseni ya taifa ya udaktari wa meno. Kila jimbo lina bodi yake na sheria zake, na jambo linalokubalika jimbo moja linaweza kukataliwa jimbo la jirani. Kwa hiyo safari hii hupangwa kuanzia mwisho. Soma kwanza masharti ya leseni ya jimbo unalotaka kuishi, kisha rudi nyuma hatua moja moja mpaka ufike kwenye karatasi zilizo mkononi mwako leo.

Hatua ya kwanza: jua sheria inakuzuia wapi

Kizuizi kikubwa ni neno moja, ithibati. Bodi nyingi za majimbo humtaka mwombaji awe amehitimu chuo chenye ithibati ya CODA, tume inayokagua mafunzo ya meno Marekani. Vyuo vyetu havimo. Tanzania hutoa shahada inayoitwa DDS, herufi zilezile zinazotumika Marekani, na nimeona watu wakidhani kwamba mfanano huo utawafungulia mlango. Haufungui. Wakenya na Waganda wenye shahada ya BDS wako mstari mmoja na Watanzania. Ukikutana na herufi DMD usibabaike: ni sawa kabisa na DDS, tofauti ni jadi ya chuo tu.

Kutoka hapo njia ziko tatu. Ya kwanza, na ndiyo ninayomshauri karibu kila mtu, ni programu ya madaktari wa meno wa kimataifa ndani ya chuo chenye ithibati. Unaingia katikati ya masomo, unasoma miaka 2 au 3, unatoka na DDS au DMD ya Marekani. Shahada hiyo inakubalika majimbo yote. Vyuo vinavyotoa nafasi hizi ni pamoja na Boston, New York University, Pennsylvania, Minnesota, Colorado, Illinois pale Chicago, University of the Pacific na UCSF pale San Francisco, USC kule Los Angeles, na Howard katika jiji la Washington.

Ya pili ni residensi, yaani mafunzo ya uzamili. Ziko za udaktari wa jumla wa meno, zinazojulikana kwa herufi AEGD na GPR, na ziko za ubingwa kama vile fizi, mizizi ya meno, watoto au upangaji wa meno. Taasisi ya Eastman pale Rochester, New York, imepokea madaktari wa nje kwa miaka mingi. Nyingi hulipa posho badala ya kutoza ada, kwa hiyo zinavutia. Ila baadhi tu ya majimbo hukubali kumpa leseni mtu aliyepita njia hii bila shahada ya CODA, na kila moja lina masharti yake kuhusu aina na muda wa mafunzo. Majimbo ya Washington na Texas ni miongoni mwa yanayokubali mafunzo ya ziada ya miaka 2. Ukimaliza residensi kisha mwenzi wako akapata kazi jimbo lisilokubali, leseni haikufuati. Fikiri hilo vizuri kama una familia.

Ya tatu inawahusu walio Minnesota, na kwa kuwa huko wako Waafrika Mashariki wengi naieleza. Sheria ya jimbo hilo inaruhusu daktari aliyehitimu chuo kisicho na ithibati kufanya mtihani wa vitendo, kisha kupewa leseni yenye mipaka. Unafanya kazi miaka 3 mfululizo chini ya mkataba ulioidhinishwa na bodi, pamoja na daktari mwenye leseni ya Minnesota. Bodi hupitia elimu yako kwa kina kabla ya kukubali, na kumpata daktari atakayesaini mkataba huo ni kazi yenyewe. Lakini inawezekana, na haina ada ya chuo.

Neno kwa wenye stashahada, yaani matabibu wa meno wa Tanzania na maofisa wa afya ya kinywa wa Kenya. Programu hizi zinataka shahada ya udaktari wa meno. Kama huna, njia yako ya haraka Marekani ni kusomea usafishaji wa meno na fizi, kazi yenye leseni yake na malipo mazuri, ama kuanza shahada upya. Asikudanganye wakala kwamba uzoefu wako utahesabiwa kuwa shahada.

Hatua ya pili: karatasi, wakati bado uko nyumbani

Hapa ndipo watu hupoteza mwaka mzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unahitaji transkripti ya masomo yote pamoja na cheti cha shahada. Unahitaji pia barua ya hadhi njema kutoka baraza lililokusajili na uthibitisho wa mafunzo ya vitendo ya mwaka mmoja baada ya shahada, na karibu kila chuo kitaomba barua ya mkuu wa shule ya meno uliyosoma. Vyeti hupelekwa kwa watathmini. JCNDE, tume inayosimamia mtihani wa taifa, hupokea tathmini ya ECE peke yake, taasisi iliyoko Milwaukee. Vyuo vingi hukubali ECE au mtathmini mwingine, WES. Basi anza na ECE, nawe uombe ripoti ya somo kwa somo yenye wastani wa alama, ili karatasi moja itumike kote.

Transkripti lazima itoke chuoni moja kwa moja, kwa bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri au kwa njia ya kielektroniki ya chuo. Ile nakala uliyoihifadhi vizuri kwenye bahasha ya kaki haitoshi. Kama bado uko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, nenda ofisi ya msajili ana kwa ana, lipia nakala tatu au nne, na ujue jina na cheo cha anayeshughulikia transkripti za kimataifa. Ukishapanda ndege, jambo la siku moja hugeuka la miezi mitatu. Mimi nililipia transkripti nikiwa tayari ughaibuni, bahasha ikatumwa bila namba ya kumbukumbu ya tathmini juu yake, ikakaa kwenye rundo la bahasha zisizo na mwenyewe. Nilikosa dirisha zima la maombi. Siku hizi namwambia kila mtu: namba ya kumbukumbu iandikwe juu ya bahasha na ndani ya barua ya maelezo.

Kama ulihitimu Muhimbili kabla ya 2007, jiandae kwa swali jingine. Chuo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Cheti kitasema jina moja na barua ya leo itakuja na jina jingine. Omba barua fupi ya chuo inayoeleza historia hiyo, iambatane na transkripti.

Halafu majina. Sisi tuna majina matatu, na hatuyaandiki kwa mpangilio mmoja. Cheti cha kidato cha nne kina jina la babu, pasi ya kusafiria haina, na baada ya ndoa jina la mwisho limebadilika. Siku ya mtihani jina kwenye usajili lazima lilingane na kitambulisho, herufi kwa herufi. Hati ya kiapo iandaliwe mapema, na jina ulilochagua ulitumie hilohilo kwenye kila fomu hadi mwisho.

Barua za walimu pia ziombe kabla hujaondoka, na umchague mwalimu aliyekuona ukifanya kazi kitini. Barua ya profesa mashuhuri inayosema tu kwamba ulikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu ina uzito mdogo kuliko ya msimamizi wa mafunzo anayeeleza jinsi ulivyomtibu mgonjwa mwenye uvimbe wa taya usiku wa manane, dawa za ganzi zikiwa zimebaki chache.

Hatua ya tatu: Kiingereza, kisha INBDE

Vyuo vingi hutaka TOEFL, mtihani wa Kiingereza, hata kama ulisoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Matokeo yake hudumu miaka 2 tu, kwa hiyo usiufanye mapema mno. Alama zinazoombwa kwa kipimo cha zamani cha 120 mara nyingi ni 90 hadi 100. Tangu Januari 2026 mtihani umeanza kutumia kipimo cha 1 hadi 6, basi soma chuo chako kinaandika kwa kipimo kipi.

INBDE ndio mtihani wa taifa wa maandishi. Ulianza Agosti 2020 na umechukua nafasi ya ule wa zamani wa sehemu mbili, uliofungwa kabisa mwishoni mwa 2022. Ukikuta kitabu au kundi la WhatsApp bado linazungumzia sehemu ya kwanza na ya pili, achana nalo. Maswali ni 500 kwa siku mbili: 360 siku ya kwanza, 140 siku ya pili. Matokeo ni kufaulu au kutofaulu, hakuna alama ya kujivunia. Hufanyika katika vituo vilivyo Marekani na Canada, kwa hiyo aliye Afrika Mashariki anahitaji viza na nauli kwa ajili ya mtihani peke yake. Kujisajili unahitaji namba inayoitwa DENTPIN, ambayo ni bure, pamoja na ripoti ya ECE.

Usijaribu mtihani huu ili kuonja. Una miaka 5 tangu jaribio la kwanza au majaribio 5, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Baada ya hapo unaruhusiwa mara moja tu kila miezi 12.

Maswali mengi hutolewa kwa kisa. Unapewa kisanduku chenye umri wa mgonjwa, lalamiko lake, magonjwa, dawa anazotumia na mzio, wakati mwingine na picha ya eksirei, kisha unaulizwa utafanya nini. Takriban asilimia 36 ni uchunguzi na mpango wa tiba, 42 ni tiba na usimamizi wa afya ya kinywa, 22 ni maadili, sheria na uendeshaji wa huduma. Waafrika Mashariki hatuanguki kwenye upasuaji wala magonjwa ya kinywa. Tumeona uvimbe wa ameloblastoma wakubwa ambao Mmarekani ameuona kitabuni tu. Tunaanguka kwenye ile asilimia 22 na kwenye lugha ya dawa.

Parasetamoli kwao ni acetaminophen. Adrenalini ni epinephrine, lignokeini ni lidocaine. Meno tunayaita kwa mfumo wa tarakimu mbili wa kimataifa, wao huhesabu 1 hadi 32 kuanzia gego la mwisho la juu kulia. Jino letu la 36 ni lao la 19, la 46 ni la 30, la 11 ni la 8. Jifunze hadi liwe la kufumba macho, kwa kuwa ukitafsiri kichwani kila swali, dakika zinakwisha. Kiwango cha floridi wanachopendekeza kwa maji ya bomba ni miligramu 0.7 kwa lita, na aliyefanya kazi Arusha, ambako tunahangaika kuipunguza floridi, anaweza kujibu kwa silika na akakosea. Kwenye maadili, shika misingi mitano ya chama cha madaktari wa meno cha Marekani: uhuru wa mgonjwa kuamua, kutomdhuru, kumtendea mema, haki, na ukweli. Kwetu daktari huamua na mgonjwa huitikia. Huko, jibu sahihi mara nyingi ni lile linalomweleza mgonjwa njia zote, hata ya kutofanya lolote, kisha likamwachia achague.

Miezi minne hadi sita ya kusoma kwa saa tatu kila siku inamtosha mtu mwenye msingi mzuri.

Hatua ya nne: mkono usilale

Kamati za udahili huangalia umeshika kifaa mara ya mwisho lini. Pengo la miaka mitano bila kugusa mdomo wa mgonjwa linahitaji maelezo. Kama bado uko nyumbani, endelea na kazi na weka kumbukumbu za idadi ya kuziba, kusafisha mizizi na kuvika kofia za meno, maana wengi wetu tuna kung'oa kwingi na hayo mengine machache.

Kama uko Marekani, ondoka kwenye kazi ya kulea wazee mapema uwezavyo, hata kama kazi ya usaidizi wa daktari wa meno inalipa pungufu kidogo. Msaidizi hujifunza mambo ambayo hakuna kitabu kinachofundisha: jinsi daktari anavyozungumza na mgonjwa kuhusu gharama, jinsi bima inavyoulizwa, jinsi mpira wa kutenga jino unavyowekwa bila mgonjwa kuhangaika. Florida ina nafasi ya pekee, kwa kuwa sheria yake inaruhusu daktari wa meno wa nje kufanya mitihani ya usafishaji wa meno na kupata leseni hiyo akiwa anasubiri.

Hatua ya tano: maombi

Maombi ya programu za kimataifa hupita kwenye mfumo mmoja, CAAPID, unaoendeshwa na ADEA, chama cha elimu ya meno. Unajaza mara moja, unachagua vyuo, unalipa kwa kila chuo. Vingine huongeza fomu na malipo yao. Vyuo nane hadi kumi na viwili ni idadi ya kawaida, lakini ni bora vitano ulivyovisoma vizuri kuliko ishirini ulivyovitupia jina. Tuma wiki za mwanzo dirisha linapofunguka, kwa sababu vingi huita watu kwenye usaili kabla hata ya tarehe ya mwisho.

Maelezo binafsi ndiyo yanayonisikitisha zaidi ninapoombwa kuyapitia. Kila mtu anaandika kwamba tangu utoto alipenda kuona watu wakitabasamu. Una mambo ambayo mwombaji mwingine hana. Umewatibu watoto waliokuja na vidonda kwenye fizi baada ya mganga kuwatoboa kwa kuamini kwamba wana "meno ya plastiki", na ukakaa na bibi wa mtoto kumweleza kwamba zile zilikuwa chonge za utotoni zinazojitengeneza. Umeona vijana wa kuzunguka Meru wenye meno ya kahawia kwa floridi ya maji na magadi, na unajua aibu yao. Andika kisa kimoja, ulichofanya, ulichoshindwa kufanya kwa kukosa mafunzo au vifaa, na kwa nini programu hiyo ndiyo itakayoziba pengo hilo.

Hatua ya sita: mtihani wa mikono na usaili

Vyuo vingi, ingawa si vyote, hukuita ukakate meno ya plastiki yaliyofungwa kwenye kichwa cha sanamu. Kwa kawaida utaombwa kuandaa tundu la daraja la II, yaani linalofika ubavu unaogusana na jino jirani, kwenye gego, kuandaa jino la kuvikwa kofia, na pengine kuchonga jino kwa nta. Wengi wenye vyeti vizuri huishia hapa.

Plastiki si jino. Ni laini, haina ile hisia ya enameli kuisha na dentini kuanza, na ukikaza mkono inayeyuka badala ya kukatika. Daktari mwenye uzoefu wa miaka kumi hukata kwa kuhisi, na hisia hiyo haipo. Kwa hiyo jifunze kukata kwa vipimo. Tundu la daraja la II kwa ajili ya amalgamu lina kina cha milimita 1.5 hadi 2, na kuta za pembeni zimeachana na jino jirani kwa takriban nusu milimita. Kichwa cha drili namba 330 kina urefu wa karibu milimita 1.5, basi kifanye rula yako. Kwa kofia ya chuma na kauri, punguza milimita 2 kwenye ncha zinazotafuna na 1.5 kwenye nyingine, na kabla hujagusa jino tengeneza kizibao cha silikoni ukikate katikati ili upime ulichopunguza.

Jino la jirani likiguswa, umejiangusha. Weka utepe mwembamba wa chuma kati ya meno kama sheria za mtihani zinaruhusu, na kama haziruhusu acha ukuta mwembamba wa plastiki uuvunje mwisho kwa kifaa cha mkono.

Handpisi, yaani drili za mkononi, za vyuo vingi ni za umeme. Ni nzito kuliko zetu za hewa, na ukibonyeza hazipunguzi kasi, zinaendelea kula. Kama hujawahi kuishika, tafuta kliniki au kozi ya siku mbili uizoee kabla. Na jifunze kutumia kioo. Hospitalini kwetu, kwa wagonjwa arobaini asubuhi, tumezoea kupinda mgongo ili tuone gego la juu moja kwa moja. Mtahini anaona mkao wako tangu dakika ya kwanza, na kuinua au kugeuza kichwa cha sanamu mahali ambapo mgonjwa halisi asingegeuka kunaweza kukuondoa.

Uliza mapema meno ya mtihani ni ya kampuni gani, ununue hayohayo. Kata mfululizo, piga picha kila jino, weka tarehe. Ninaowafahamu waliofaulu walikata meno zaidi ya mia moja kabla ya siku hiyo.

Usaili wenyewe ni wa kawaida, ila kuna swali ambalo wenzetu hulijibu vibaya: "Tueleze kosa ulilowahi kufanya kazini." Malezi yetu yanatufundisha kutojianika mbele ya wakubwa, kwa hiyo mtu hujibu kwamba hajawahi kukosea. Wanataka kujua kama utakiri kosa kwa mgonjwa. Chagua kosa la kweli, sema ulimwambia nini mgonjwa na ulibadilisha nini.

Hatua ya saba: fedha na viza

Ada na vifaa vya programu nzima mara nyingi hupita dola 150,000, na katika vyuo vya binafsi vya miji mikubwa hupita 200,000, kabla ya kodi ya nyumba na chakula. Ukikubaliwa utatakiwa kulipa maelfu ya dola haraka ili nafasi ishikwe, na hazirudi. Harambee ya familia inaweza kulipa INBDE, nauli na malipo hayo ya awali. Haiwezi kubeba ada, na ni vema kuwaambia ndugu ukweli huo tangu mwanzo.

Mwenye ukaazi wa kudumu au uraia anaweza kukopa serikali kuu. Kwa mikopo mipya kuanzia 1 Julai 2026, wanafunzi wa taaluma kama udaktari wa meno wana ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ule mkopo wa ziada uliokuwa ukifidia kila kilichobaki umefungwa kwa wakopaji wapya. Kwa chuo ghali, pengo litabaki. Piga hesabu hiyo kabla ya kuchagua chuo, wala usiiache mpaka baada ya kukubaliwa.

Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, lazima aonyeshe fedha za mwaka wa kwanza ndipo chuo kimpe I-20, fomu ya kuombea viza hiyo. Hana mkopo wa serikali, hutegemea benki binafsi ambazo mara nyingi hutaka mdhamini Mmarekani. Akihitimu ana miezi 12 ya kufanya kazi, kisha anahitaji mwajiri wa kumwombea viza ya kazi, H-1B, yenye bahati nasibu. Amri ya Septemba 2025 iliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani, kwa hiyo ukihitimu usiondoke nchini kabla ya kuzungumza na mwanasheria.

Kuna jambo zito zaidi kwa baadhi yetu. Kwa amri za rais za mwaka 2025, utoaji wa viza za wanafunzi ulisitishwa kwa raia wa Burundi tangu Juni 2025 na kwa raia wa Tanzania kuanzia 1 Januari 2026, isipokuwa kwa misamaha maalumu. Amri za namna hii hubadilika, basi thibitisha kwa ubalozi kabla ya kulipia chochote. Mtanzania ambaye hayuko Marekani na hana ukaazi asitumie akiba yake kwa INBDE mpaka ajue mlango umefunguka.

Ukishaingia, na baada ya hapo

Utawekwa pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu, wadogo kwako kwa miaka kumi pengine. Utajaza tundu ulilojaza mara elfu, kisha utasimama kumsubiri mwalimu aje aangalie kabla hujaendelea hatua inayofuata. Usikate bila sahihi yake, hata kama una hakika. Kila tendo lina namba ya bima: uchunguzi kamili ni D0150, usafishaji kwa mtu mzima D1110, kofia ya kauri D2740. Na kumbukumbu za mgonjwa huandikwa kana kwamba zitasomwa mahakamani, maana huenda zikasomwa.

Mwaka wa mwisho utafanya mtihani wa vitendo wa leseni. Ule wa ADEX unakubalika majimbo mengi, na sasa kwa kawaida hufanyika kwenye sanamu. New York haitumii mtihani wa vitendo, inataka mwaka 1 wa residensi, basi omba mapema kama unalenga huko. Ongeza mtihani wa sheria za jimbo pale unapotakiwa, cheti cha huduma ya kwanza ya moyo, namba ya NPI inayomtambulisha mtoa huduma, na usajili wa DEA kama utaandika dawa zinazodhibitiwa.

Kisha mkataba wa kwanza. Soma kama malipo yako ni asilimia ya kazi uliyoifanya au ya fedha zilizokusanywa, kwa sababu bima ikikataa kulipa, anayelipwa kwa fedha zilizokusanywa ndiye anayeumia. Angalia kifungu kinachokuzuia kufanya kazi karibu na kliniki hiyo ukiondoka: maili ngapi, miaka mingapi. Uliza pia bima ya makosa ya kitabibu ni ya aina gani. Kama inafidia tu madai yanayoletwa wakati bado uko kazini, andikisha kwenye mkataba nani atalipia nyongeza ya kukulinda baada ya kuondoka, na usisaini hadi jibu liwe kwenye karatasi.